Nani Kasema Keneli Haifiki Bariadi?

Ipo kauli inayotembea kwa kujiamini kwenye semina za TEHAMA, kuanzia kumbi za hoteli za Dodoma hadi kumbi za halmashauri zetu hapa Simiyu. Inasema hivi: kuandika draiva, yaani ile programu inayoiwezesha keneli ya Linux, kiini cha mfumo wenyewe, kuiamuru chipu, ni kazi ya Wamarekani na Wachina waliozitengeneza chipu zenyewe. Sisi wengine tununue, tufunge, tutumie. Kijana wa Bariadi akipenda kompyuta, afundishwe kutengeneza app ya bei ya pamba. Mwenye kichwa kikubwa zaidi aende kwenye akili mnemba. Mambo ya keneli ni anasa ya walioshiba.

Wanaoisema si watu wabaya. Wengi wao ni walimu na maofisa wanaoutakia mema mkoa huu, ndiyo maana sitaki kuwajibu kwa kejeli. Ila wamekosea, na kosa lao lina gharama. Hoja yangu inakwenda upande wa pili kabisa: kadiri mtu anavyokaa mbali na duka lililomuuzia ruta, ndivyo anavyoihitaji zaidi draiva iliyo wazi, pamoja na mtu wa jirani anayeweza kuifungua na kuirekebisha. Kwa kipimo hicho, Mwanhuzi ya huku Simiyu inaihitaji kuliko Masaki ya Dar es Salaam.

Tuijue kwanza kazi inayodharauliwa. Laini ya mtandao ya gigabiti moja ikijazwa pakiti ndogo kabisa hupitisha pakiti 1,488,095 kwa sekunde. Maana yake kila pakiti ina nanosekunde 672 tu kabla ya inayofuata kuingia. Zamani kila pakiti iliyofika iliikatiza prosesa kazi yake: acha unachofanya, njoo unipokee. Mzigo ukizidi, mashine ilikesha ikiitika wito na haikupata nafasi ya kupeleka hata pakiti moja mbele. Ruta ilikuwa hai, taa zinawaka, na mtandao umekufa. Draiva nzuri huondoa balaa hilo. Hutenga mduara wa nafasi kwenye kumbukumbu, chipu ikamwaga pakiti humo yenyewe bila kuisumbua prosesa kuu. Chipu huita mara moja; draiva huuzima wito huo, huchota pakiti kwa mafungu, kwa kawaida zisizozidi 64 kwa mkupuo, na ikimaliza mzigo ndipo huruhusu wito mwingine.

Utaratibu huo unaitwa NAPI. Ulielezwa mwaka 2001 na Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov, na hadi leo draiva za mtandao ndani ya Linux huandikwa kwa kuufuata. Mshike huyo Olsson, Msweden wa Uppsala. Nitamrudia nikifika Bunda.

Sasa hoja ya kwanza ya wapinzani wangu, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote: aliyetengeneza chipu ndiye anayeijua, kwa hiyo ndiye anayepaswa kuiandikia draiva. Ukiisikia haraka utaikubali. Hebu tuipime kwa bodi ambazo zilibeba mitandao mingi ya redio duniani katika muongo wa kwanza wa karne hii, zile zenye prosesa za mtandao za Intel za familia ya IXP4xx. Zilikuwa ndani ya kifaa kidogo cha Linksys kilichoitwa NSLU2, na ndani ya bodi za Gateworks Avila ambazo wajenzi wa mitandao ya masafa walizipenda. Chipu hiyo, pamoja na prosesa yake kuu, ilikuwa na injini ndogo za pembeni za kushughulikia pakiti, na kidhibiti cha foleni kilichopitisha kazi kati ya injini hizo na prosesa.

Intel iliijua chipu yake, hilo halina ubishi. Ilichotoa, hata hivyo, ni maktaba kubwa ya msimbo, nzito, iliyoandikwa ili ifae mifumo mingi kwa mpigo, na yenye leseni isiyokaa vizuri na leseni ya keneli. Waliosimamia Linux hawakuipokea. Kwa muda mrefu mwenye bodi hiyo alilazimika kubaki na toleo la keneli ambalo muuzaji alilibandika mara moja na kulisahau. Aliyekata mzizi hakuwa Intel. Christian Hohnstaedt aliandika draiva mbadala, kisha Krzysztof Hałasa wa Poland akaandika nyingine, na ya Hałasa ndiyo iliyoingia ndani ya keneli. Ukiifungua leo utakuta faili moja ambalo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kulisoma kwa wiki: hapa pakiti zinapokelewa, hapa zinatumwa, hapa tunazungumza na ile foleni, hapa tunaiuliza waya kama imechomekwa. Kitu ambacho kampuni yenye maelfu ya wahandisi ilikifanya mlima, mtu wa nje alikipunguza kikawa faili.

Hadithi haikuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa mikoani. Intel iliachana na chipu hizo. Bodi zikazeeka. Kwa mantiki ya dukani zilipaswa kwenda jalalani. Lakini mwaka 2019 Linus Walleij, Msweden mwingine, aliuvua msimbo wa familia hiyo nguo za zamani: akaubadilisha kipande kwa kipande ili uendane na namna keneli ya leo inavyoelezwa vifaa vyake. Chipu iliyokwishazikwa na mwenyewe ikapata keneli mpya, pamoja na viraka vya usalama vyote vilivyoandikwa tangu alipoitupa. Hilo liliwezekana kwa sababu moja: msimbo ulikuwa wazi na mtu aliyekuwa na bodi mezani alikuwa na haki ya kuugusa.

Sifichi doa lililobaki. Ule msimbo mdogo unaoendesha injini za pembeni bado ni wa Intel, umefungwa, na draiva huupakia ukiwa hivyo hivyo. Anayedai kwamba programu huria imeshinda kila kitu anajidanganya. Lakini kati ya kufungiwa chumba kimoja na kufungiwa nyumba nzima, tofauti ni kubwa.

Itazame pia njia waliyopita ndugu wakubwa wa chipu hizo. Mwaka 2007 kampuni ya Netronome ilichukua kutoka Intel teknolojia ya prosesa za mtandao za daraja la juu, ikaunda kadi zake, na draiva ya kadi hizo ikaandikwa ndani ya Linux hadharani. Mmoja wa walioiandika, Jakub Kicinski, leo ni miongoni mwa wasimamizi wakuu wa sehemu nzima ya mtandao ya keneli. Netronome yenyewe ilisinyaa. Draiva ipo.

Hoja ya pili wanayoileta ni hii: basi tusubiri, hao wazungu waandike, sisi tutapakua bure. Hii inanikera kuliko ya kwanza, kwa kuwa ina sura ya busara. Draiva haikai ndani ya keneli kama jiwe kwenye ukuta. Keneli hubadilika kila baada ya miezi miwili hivi, na draiva isiyo na mtu wa kuipima hunyauka, kisha huondolewa. Mfano upo. Ruta za Ubiquiti EdgeRouter Lite, ambazo mafundi wa mitandao nchini hapa wanazifahamu vizuri, zinatumia prosesa ya mtandao ya Cavium inayoitwa Octeon. Draiva yake iliingia kwenye sehemu ya majaribio ya keneli mwaka 2009 na ikabaki humo humo zaidi ya miaka kumi, bila mtu wa kuikamilisha. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ikafutwa. Wenye vifaa hivyo wakapaza sauti kwamba bado wanaitumia, wakajitolea kuishughulikia, na ndani ya wiki chache ikarudishwa.

Nani alipaza sauti? Waliokuwepo. Waliojua kwamba jambo linaendelea, waliokuwa na kifaa mezani na uwezo wa kusema: nimeijaribu, inafanya kazi, hapa panauma. Kusubiri kunamnufaisha yule ambaye mahitaji yake yanafanana na ya wenye kuandika. Mhandisi wa Munich hana ruta inayowashwa kwa betri ya sola ya volti 12 inayoshuka kila saa nane usiku. Hajui ruta hiyo hufanya nini umeme ukirudi kwa kuruka ruka, wala bandari ya mtandao inavyogoma kuamka baada ya joto la Oktoba. Wa Itilima anajua. Asipoandika yeye, hitilafu hiyo haimo duniani.

Twende sasa Bunda, maana naona kuna msomaji anayesema haya yote ni ya Ulaya. Ukitoka Bariadi kwa lami hadi Lamadi, ukakata kulia kuelekea Musoma, Bunda iko mbele yako, si safari ya kubeba chakula. Katikati ya miaka ya 2000 ndiko ulikofanyika mradi wa kupeleka mtandao wa kasi vijijini katika wilaya za Bunda na Serengeti, ukiwaunganisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na chuo kikuu cha KTH cha Stockholm. Lengo lilikuwa kuunganisha shule, hospitali na ofisi za wilaya. Na ruta? Hawakung'ang'ania masanduku ya bei mbaya ya kampuni kubwa. Walijenga kwa Linux, juu ya bodi za kawaida zisizokula umeme mwingi, kwa kuwa umeme ndio uliokuwa adui wa kwanza.

Na hapa ndipo Robert Olsson anaporudi. Miongoni mwa waliofanya utafiti huo wa ruta za umeme mdogo, pamoja na Profesa Björn Pehrson wa KTH na Mtanzania Amos Nungu, alikuwemo yeye, mmoja wa waandishi watatu wa NAPI. Ndiye pia aliyekuwa nyuma ya Bifrost, Linux ndogo ya kutengenezea ruta. Kwa maneno mengine, wakati kauli yetu ya semina inasema keneli ni mambo ya mbali mno kwa watu wa Kanda ya Ziwa, mmoja wa walioandika kiini cha namna Linux inavyopokea pakiti alikuwa akishughulikia tatizo la Kanda ya Ziwa, ng'ambo ya mpaka wa mkoa wetu. Na yule Mtanzania aliyekuwa akiandika utafiti wake humo alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH. Sasa nani anayetuambia kwamba jambo hili halijawahi kufika huku?

Najua watakavyojibu: ule ulikuwa mradi wa wafadhili, na miradi ya wafadhili huisha. Kweli, huisha. Lakini jibu hilo linapiga mahali nisiposimama. Sijasema Bunda ilijenga kampuni. Nimesema Bunda iliondoa kisingizio. Ilionyesha kwamba tatizo la wilaya, kama lile la umeme kidogo na umbali mrefu, ni tatizo halali la uhandisi wa ndani kabisa wa mfumo, linalostahili watu wenye akili nyingi. Kilichokosekana baada yake ni urithi: vijana kumi wa Bunda, Lamadi na Bariadi ambao wangebaki na zile ruta, wakazivunja, wakazijenga upya. Hilo ndilo la kudai sasa, badala ya kulitumia kama ushahidi kwamba haliwezekani.

Niliahidi kutokejeli, lakini kauli yao nyingine, kwamba "Simiyu ni pamba", inanijaribu. Mkoa huu ulimegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na ni kweli kwamba pamba ndiyo iliyotujengea jina. Lakini pamba ya leo inapita wapi? Chama cha ushirika (AMCOS) kinapima, taarifa zinaingia kwenye mfumo, mkulima analipwa kwa simu au benki. Mtandao wa Nyashimo au Lagangabilili ukikatika siku ya malipo, foleni ya wakulima haiulizi kama tatizo ni la zao au la keneli. Na ni mkoa huu huu ambao vijana wa Maswa waliambiwa watengeneze chaki, wakatengeneza, wakati wapo waliocheka kwamba chaki inatoka nje. Sikumbuki waliocheka wakija kuomba radhi, lakini hilo si la leo.

Turudi kwenye ujuzi. Wapinzani wangu huongea kana kwamba kijana wa hapa ataanza na sifuri. Ungekaa nusu siku kwenye kibanda cha fundi simu pale stendi ya Bariadi ungeona mambo mengine. Huyo kijana anaivua chipu kwenye bodi kwa hewa ya moto na kuirudisha bila kuichoma. Anafleshi simu iliyokufa kwa kugusanisha nukta mbili ambazo hakuna kitabu cha kiwanda kilichomwonyesha. Anasoma mchoro wa bodi uliovuja mahali, akiukuza kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Ujuzi unaotenganisha kazi hiyo na kuanza kuchokonoa ruta ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye ruta nyingi za bei nafuu kuna pini za kuzungumza na mashine inapoamka: ya kutuma, ya kupokea, na athi. Volti 3.3, spidi mara nyingi 115200. Ukiunganisha waya tatu na kibadilishi cha USB, keneli inaanza kukusimulia kila inachofanya, mstari kwa mstari, ikiwa ni pamoja na mahali draiva ya mtandao inapokwama. Fundi wa simu akiiona skrini hiyo kwa mara ya kwanza hatishiki. Anauliza, sasa huu mstari unasema nini? Swali hilo ndilo mwanzo wa kazi yote.

Anachokosa fundi huyu ni C, Kiingereza cha kusomea nyaraka za chipu, na nyaraka zenyewe. C inafundishika. Kiingereza cha nyaraka ni maneno machache yanayojirudia. Nyaraka ndizo zenye kufuli, na kufuli hilo ni la kibiashara. Chukua prosesa za Qualcomm zilizo kwenye ruta nyingi za leo: zina sehemu maalumu ya kuharakisha pakiti, na kwa nyingi kati yake draiva ya sehemu hiyo haimo kwenye keneli rasmi, kwa hiyo anayeweka mfumo huria kwenye ruta hizo huambulia kasi ndogo kuliko aliyoilipia. Upande wa MediaTek mambo yamekwenda vizuri zaidi. Felix Fietkau na wenzake wa OpenWrt, mfumo huria wa ruta wenye msingi wa Linux, waliandika draiva za redio na hata za kuharakisha pakiti zikaingia kwenye keneli. Mwishoni mwa mwaka 2024 ikatoka OpenWrt One, ruta yenye chipu ya MediaTek, iliyoundwa na jamii ya OpenWrt pamoja na shirika la Software Freedom Conservancy, na michoro yake iko wazi. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 89 ikiwa na kasha lake. Si bei ya kila mtu hapa, lakini ni bei ya chuo.

Wanaosema afadhali app wana historia ya kujibu. Tanzania haikuchelewa kwenye programu huria. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili. Chuo hicho hicho kimeshiriki kwa miaka mingi kuijenga DHIS2, ambayo takwimu za afya za nchi hupitia humo. Serikali imejenga GePG ya malipo, na mwaka 2023 ikazindua NeST ya manunuzi, kazi ya Watanzania, ikachukua nafasi ya mfumo uliotoka nje. Nayaheshimu haya yote. Lakini yote yako ghorofani. Miaka ishirini tumetafsiri menyu, tumejenga fomu, tumepamba skrini. Tuliyoyajenga yote yanapita kwenye masanduku ambayo hatujui ndani yana nini. Kumwambia kijana aendelee kujenga app tu ni kumwambia abaki ghorofa ile ile ambayo tayari tumejaa.

Wapo pia wenye hoja ya usalama: msimbo ulio wazi, wanasema, adui atausoma. Hii nitaipitia haraka. Mwaka 2018 watafiti wa Cisco Talos walitangaza kwamba programu hasidi iliyoitwa VPNFilter ilikuwa imeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, vingi vikiwa ruta za ofisi ndogo na za nyumbani zenye famuwea za viwandani. Ruta hizo hazikuwekewa msimbo wazi na wenyewe. Adui aliziingia kwa udhaifu uliokwishajulikana, ambao wenye vifaa hawakuwa wameuziba au hawakuwa na namna ya kuuziba. Ruta ya zahanati isiyopata kiraka kwa miaka minne haina siri yoyote ya kumficha adui. Siri iliyomo inamficha fundi.

Basi ni nani alipe? Swali hili ni la haki, nami sitalikwepa kwa kusema "wadau". Sihitaji vijana elfu. Kwa mkoa mzima, watu sita au saba wanaoweza kusoma draiva, kuirekebisha na kuituma ikaguliwe wangetosha kwa kuanzia, na wengi wa siku zao wasingekuwa wakiandika draiva mpya. Wangekuwa wakihamisha marekebisho kutoka keneli mpya kwenda kwenye vifaa vya zamani, wakipima, wakiandika taarifa za hitilafu. Ni kazi ya matengenezo. Halmashauri zina asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Tumezoea kuona fedha hizo zikienda kwenye bodaboda, kuku na matofali. Sina ugomvi na kuku. Lakini kikundi cha mafundi wenye mkataba wa kutunza ruta za shule na zahanati za wilaya moja kina mapato yanayotabirika kuliko kuku. Kwa anayetaka kwenda ndani zaidi, mpango wa Outreachy huwalipa wanagenzi dola 7,000 kwa kipindi kimoja, na keneli ya Linux imekuwa miongoni mwa miradi inayowapokea.

Tena kazi hii ina jambo ambalo vyeti vyetu havina. Kila kiraka kinachoingia kwenye keneli kinabaki na jina la aliyekiandika, na mara nyingi la aliyekikagua au aliyekipima, hadharani, milele. Mwajiri wa Nairobi au wa Stockholm hahitaji kupiga simu chuoni kuuliza kama kijana alihudhuria. Anasoma alichoandika, anasoma alivyojibu alipoambiwa amekosea. Na huambiwa, tena bila kupakwa mafuta. Kiraka cha kwanza kukataliwa ni jambo la kawaida kwa kila mtu, awe wa Bariadi au wa Boston.

Lakini mkono mkubwa uko serikalini, kwenye manunuzi, na hapa ndipo ningependa wapinzani wangu wenye vyeo wasikilize. Mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tunanunua ruta kwa mamia tukiulizia bei, idadi ya bandari na dhamana ya mwaka mmoja. Hatuulizi kama draiva zake zimo kwenye keneli rasmi. Hatuulizi muuzaji atatoa viraka hadi lini, wala kama msimbo wa keneli ambao leseni ya GPL inamlazimisha autoe ataukabidhi pamoja na ruta au tutaanza kumtafuta siku amefunga ofisi. Hilo la mwisho si ombi la hisani. Ruta ya Linksys WRT54G ilipogundulika mwaka 2003 kwamba ndani yake kuna Linux, kampuni ilibanwa kwa leseni hiyo hiyo ikaachia msimbo, na kutoka hapo ndipo OpenWrt ilipozaliwa mwaka uliofuata. Mnunuzi anayenunua ruta moja hana sauti. Nchi inayonunua kwa ajili ya vituo vya afya vya mikoa yote inayo, na haijaitumia.

Kipengele ninachotaka kiingie kwenye zabuni hakizidi mistari mitano: draiva ziwe kwenye keneli rasmi au zikabidhiwe msimbo wake, famuwea iweze kubadilishwa na mwenye kifaa, pini za kuzungumza na mashine zisizibwe, nyaraka za bodi zikabidhiwe chuo kimojawapo cha umma. Muuzaji atakayesema haiwezekani apishe yule anayeuza bodi ambazo tayari ziko hivyo, maana zipo na bei zake zinajulikana. Zabuni ijayo ya ruta za Simiyu ikitokea kwenye NeST nitaisoma ukurasa kwa ukurasa nikikitafuta. Kisipokuwemo nitaandika barua kuuliza kwa nini, na nakala nitampelekea yule fundi wa pale stendi.